Kuna nini ndani ya kipande hicho cha sabuni?

Ndugu wasikilizaji, mwezi uliopita mpwa wangu, msichana anayefanya kazi mjini, alipita nyumbani kunisalimia. Baada ya shikamoo na marahaba alitoa mkobani kipande cha mviringo, cha rangi ya kijani, chenye harufu ya mnanaa. Akaniambia, "Mjomba, hii ndiyo shampuu ya siku hizi." Nikaigeuzageuza mkononi, nikamwambia kwamba mimi naona sabuni. Akacheka sana. Akasema sabuni ni ya kufulia, hii ni shampuu ngumu isiyo na chupa, haina kemikali, imetengenezwa kwa mafuta ya nazi matupu. Alipotaja bei nikaona ni sawa na kilo mbili za nyama, nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye alirudi amejifunga kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa zimenata kama zilizopakwa nta, na kila akichana, kitana kinatoka na utando mweupe. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mwenzake wa kazini, wanayepanga naye nyumba moja na kuoga naye maji ya kisima kimoja, alinunua kipande kinachofanana na chake, nacho kimeandikwa mafuta ya nazi, na nywele zake ni laini kabisa. Basi mpwa wangu akaniuliza: inakuwaje nazi hiyohiyo, maji hayohayo, mmoja atakate na mwingine anate?

Nilivaa miwani yangu nikaomba karatasi za vile vipande viwili. Jibu lilikuwa limeandikwa palepale, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Lakini ili jibu lile lieleweke, nawaomba tufuatane kidogo katika historia, maana wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Mtu wa kwanza tunayemjua kuliandika neno lililozaa "sabuni" katika Kilatini ni Plinio, Mrumi aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu elimu ya viumbe anasema kwamba watu wa Gallia, yaani Ufaransa ya leo, wamevumbua kitu kiitwacho "sapo," kinachotengenezwa kwa mafuta ya mnyama na majivu, na kwamba bora zaidi ni mafuta ya mbuzi na majivu ya mti ambao Waingereza huuita beech. Anasema kipo cha aina mbili, kigumu na cha majimaji. Nacho kilitumika kwa kazi gani? Kwa nywele! Watu wale walikipaka nywele ziwe nyekundu, na Plinio anaongeza kwamba miongoni mwa Wajerumani wanaume walikipenda kuliko wanawake. Kwa hiyo, ndugu zangu, ugomvi wa shampuu ngumu na shampuu ya majimaji tunaouona mpya leo una umri wa karibu miaka 2000.

Mafuta na majivu: hiyo ndiyo siri yote ya sabuni. Majivu yakiloweshwa hutoa maji makali yanayoteleza mkononi. Waarabu waliyaita al-kali majivu ya mimea fulani ya chumvi, na kutoka hapo Wazungu wakapata neno lao la alkali. Sisi tuna magadi. Ukichemsha magadi pamoja na chokaa unapata magadi makali zaidi, ambayo mafundi wetu huyaita kostiki soda. Kostiki ikikutana na mafuta, vyote viwili hubadilika. Mafuta huvunjika, sehemu moja hushikana na soda ikawa sabuni, na sehemu nyingine hubaki kama maji matamu yaitwayo gliserini. Sabuni iliyopikwa vizuri haina tena kostiki wala mafuta yale ya mwanzo, ila ziada kidogo ambayo fundi huiacha kwa makusudi ili ngozi isikauke. Mfaransa Michel Chevreul ndiye aliyeyaeleza mabadiliko haya kitaalamu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Kwa hiyo anayekuuzia sabuni akasema haina kemikali anakuambia jambo lisilowezekana. Sabuni ni kazi ya kemia tangu enzi za mbuzi wa Gallia.

Sasa, tangu zamani swali la kilichomo ndani ya kipande limekuwa swali la serikali. Mwaka 1688 mfalme wa Ufaransa alitoa amri kwamba sabuni ya Marseille ipikwe kwa mafuta ya zeituni peke yake. Atakayechanganya mafuta mengine, sabuni yake itaifishwe. Amri ile ililinda jina la mji. Lakini karne ya kumi na tisa ilipofika, watu wa Ulaya wanaonunua sabuni waliongezeka, zeituni zikawa ghali, na wenye viwanda wa Marseille wakaanza kutafuta mbegu za mafuta nchi za mbali. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa mji ule walituma majahazi yao makubwa Zanzibar na pwani yetu kutafuta ufuta, na baadaye mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Mkulima wa pwani alianika mbata juani, mjukuu wake akanunua sabuni iliyokuja kwa meli, na kati ya hao wawili hakuna aliyeambiwa kwamba ni kitu kilekile kimekwenda na kurudi.

Kwa nini nazi? Kwa sababu karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina moja iitwayo asidi ya lauriki, nayo hutoa sabuni ngumu yenye povu jingi. Sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia waliithamini. Mafuta mengine yanayokaribiana nayo ni ya kiini cha mchikichi, yale ambayo Kigoma huitwa mise. Mawese yenyewe, yanayotoka katika nyama ya tunda, huipa sabuni ugumu na maisha marefu, lakini povu lake ni kidogo. Fundi mzuri huchanganya.

Na magadi yalitoka wapi? Ulaya kwa muda mrefu walichoma mimea ya pwani kupata majivu. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipewa hataza ya njia ya kutengeneza soda kwa chumvi ya kawaida, na kuanzia hapo sabuni ikaweza kupikwa kiwandani kwa wingi. Huku kwetu Mungu alikuwa ameyaweka magadi tayari. Kampuni ya kuchimba magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani kuyabeba. Magadi yale bado yanachimbwa hadi leo, na kampuni sasa ni ya Tata, kutoka India. Mengi huingia katika vioo, na mengine katika vitu vya kufulia.

Mwaka huohuo wa 1911 lilitokea jambo jingine, na hili halisimuliwi kwa furaha. Mwingereza William Lever alikuwa ametajirika kwa sabuni ya Sunlight, aliyoanza kuiuza mwaka 1884. Sunlight iliingiza mafuta ya mimea kwa wingi, nazi na mise, badala ya kutegemea mafuta ya ng'ombe, ikawa laini na yenye povu. Lakini mafuta yalihitajika mengi, na Lever akayafuata yalipo. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa haki ya kuchuma michikichi katika Kongo, hadi hekta 750,000. Kituo kikubwa katika eneo la Kwilu kikaitwa Leverville, ndiyo Lusanga ya leo. Wanaume walilazimishwa kupanda michikichi mirefu na kukata mikungu ya ngazi kwa ujira mdogo, na kodi ikawa ndiyo fimbo ya kuwasukuma. Mwaka 1931, bei ya ngazi ilipoanguka na kodi ikabaki palepale, Wapende waliasi, na jeshi la wakoloni likawaua kwa mamia. Kule Uingereza Lever alisifiwa kwa nyumba nzuri alizowajengea wafanyakazi wake katika mji wa Port Sunlight. Aliyeoga kwa Sunlight London hakuwa na njia ya kujua kwamba povu lile lina jasho la Mpende ndani yake. Karatasi haikusema.

Turudi kichwani. Neno shampuu lenyewe ni la Kihindi, nalo maana yake ya asili ni kubonyeza au kuchua. Mtu aliyelitia umaarufu Uingereza ni mzaliwa wa Patna, Sake Dean Mahomed, aliyefungua nyumba ya kuogea na kuchua mwili katika mji wa Brighton, hata akateuliwa kuwa mchuaji wa Mfalme George wa Nne. Alifariki mwaka 1851. Neno likahama taratibu kutoka kwenye kuchua mwili hadi kwenye kuosha nywele, lakini kilichooshea nywele kiliendelea kuwa sabuni, iliyoparuzwa na kuyeyushwa katika maji ya moto. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf wa Berlin alianza kuuza shampuu ya unga katika vipakiti, nafuu na rahisi. Hiyo nayo ilikuwa na tatizo lilelile la sabuni.

Tatizo gani? Ni maji, ndugu zangu. Maji ya visima vingi yana chokaa na magnesi iliyoyeyuka. Sabuni ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu, bali inaganda ikawa utando mweupe. Ndio ule mduara unaobaki katika ndoo na karai, na katika nywele hushikilia kila unywele kama ulimbo. Bibi zetu walilijua hili bila kwenda shule. Walikinga maji ya mvua kwa kuoshea nywele, maana maji ya mvua hayana chokaa, na wengine walisuuza kwa maji ya ndimu. Tena sabuni kwa asili yake ni kali: ukiipima kwa kipimo cha uchachu ambacho maji safi yako kwenye 7, sabuni iko kati ya 9 na 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Unywele umefunikwa magamba madogo kama ya samaki. Katika ukali ule magamba hunyanyuka, nywele zikashikana na kukatika, hasa nywele zetu hizi za kipilipili ambazo tayari ni kavu.

Dawa yake ilizaliwa katika shida. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikosa mafuta ya kula, sembuse ya kupikia sabuni. Wakemia wao wakatafuta kitu cha kutakasa kisicho sabuni, na cha kwanza kikapatikana mwaka 1916. Baada ya vita walivumbua njia ya kuyageuza mafuta kama ya nazi kuwa aina ya spiriti, kisha kuyaunganisha na asidi ya salfa. Kilichopatikana kilitoa povu hata katika maji ya chokaa, bila utando. Vitu vya namna hii huitwa ditajenti. Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ilitoa Dreft ya kufulia mwaka 1933, na mwaka 1934 ikatoa Drene, shampuu ya ditajenti. Ile tunayoiita sabuni ya unga, kwa kweli si sabuni hata kidogo. Mwaka 1957 ikaja Dove, kipande cha kuogea kinachotegemea ditajenti laini iliyotokana na mafuta ya nazi. Na mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Uingereza, Mo Constantine akishirikiana na mkemia Stan Krysztal alichukua ditajenti ya unga, akaigandamiza pamoja na manukato, akapata kipande cha kuoshea nywele kisichohitaji chupa. Hiyo ndiyo shampuu ngumu inayosifiwa leo kwa kuokoa mazingira, na sifa ya kupunguza chupa za plastiki ni ya haki.

Naam, sasa tunaweza kuzisoma zile karatasi mbili. Ya mpwa wangu inaanza na maneno "sodium cocoate," kisha "sodium palmate." Ya mwenzake inaanza na "sodium cocoyl isethionate." Mtu mwenye haraka ataona "coco" kote, atasema nazi. Ni kweli, mnazi ni mmoja. Lakini la kwanza maana yake ni nazi iliyopikwa kwa kostiki, yaani sabuni, na "palmate" ni mawese yaliyopikwa vivyo hivyo. La pili ni ile ditajenti laini ya Dove. Mpwa wangu alinunua sabuni iliyoandikwa shampuu, akaiosha kwa maji ya kisima chenye chokaa, akavuna alichopanda muuzaji. Mimi mwenyewe nakiri nilifunzwa kitu siku ile, kwa sababu nilidhani chochote chenye nazi ni cha kwetu na ni cha heri. Nazi haina kosa. Kilicho muhimu ni ilivyogeuzwa na maji utakayoitumia.

Hebu niwaeleze na wengine namna ya kusoma. Sheria ya kuandika vilivyomo ilianza Marekani mwaka 1977, na Ulaya mwaka 1997, na majina yakakubaliwa yawe yaleyale duniani. Kilicho kingi huandikwa kwanza, kilicho haba mwisho, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Kwa hiyo ukiona kwenye boksi picha kubwa ya mshubiri, na jina lake ndani limeandikwa baada ya neno "parfum," yaani manukato, jua kwamba umeuziwa picha. Jina la mafuta lenye mkia wa "-ate," kama "palmate," "olivate" au "tallowate," ni sabuni: ya mawese, ya zeituni, ya mafuta ya ng'ombe. Wengine huandika mafuta yenyewe, "Cocos nucifera" ambayo ni nazi, halafu mbele kidogo "sodium hydroxide," ambayo ni kostiki. Hiyo nayo ni sabuni. Ukiona "isethionate" au "coco sulfate," ni ditajenti, ya kwanza laini, ya pili kali zaidi kwa nywele kavu. Anayeoga maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chokaa anaweza kutumia sabuni asione ubaya wowote. Anayeoga maji ya kisima afikirie mara mbili, au asuuze kwa kijiko cha siki katika lita moja ya maji, kama nilivyomshauri mpwa wangu, na utando ukapungua.

Mtaniuliza: Mzee, yote haya kwa sababu ya nywele? Hapana. Wapo waliolipa zaidi ya nywele. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zilikuwapo pia sabuni za zebaki. Jumuiya ya Ulaya iliikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini sabuni hizo ziliendelea kuruhusiwa kutengenezwa huko kwa ajili ya kuuzwa nje, Afrika ikiwemo, mpaka sheria ya mwaka 2003 ilipopiga marufuku kuzisafirisha. Miaka 27! Kilichokuwa sumu kwa ngozi ya mtoto wa Ulaya kilikuwa bidhaa kwa ngozi ya dada yetu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mipaka kwa dunia nzima, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba kufikia 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vipigwe marufuku. Hata hivyo mkataba haukai dukani. Anayekaa dukani ni wewe na pochi yako. Hapa Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Kipande kisicho na orodha ya vilivyomo, au chenye orodha iliyobanduliwa na kubandikwa upya, kirudishe alikokitoa muuzaji.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbata ilitoka kwetu, ngazi zilitoka Kongo, magadi yalitoka Magadi, na kwa zaidi ya miaka 100 vimekuwa vikirudi vimefungwa karatasi nzuri tusiyoisoma. Mchuma ngazi wa Kwilu hakupewa nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo. Maandishi ni madogo, ni kweli, lakini miwani ipo, na asiyeona vizuri ana mtoto wa shule nyumbani.

Mpwa wangu ameanza kuisoma. Juzi alinipigia simu akiwa dukani, akaniambia, "Mjomba, hiki kimeandikwa asilia kwa herufi kubwa, lakini ndani hakuna orodha kabisa." Nikamwuliza amefanyaje. Akasema amekirudisha juu ya rafu, na muuzaji amenuna.

Kwa leo niishie hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.